Mchezo wa Watu Wazima na Afya ya Akili: Nafasi ya Ciyaar katika Historia ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii imekaririwa shuleni na majumbani kwa miaka mingi, na aghalabu hufasiriwa kuwa hata kazi duni ina thamani kuliko mchezo ulio bora. Ndani yake mna mtazamo fulani kuhusu utu uzima: mtoto hucheza, mtu mzima hufanya kazi, na mtu mzima achezaye amesahau umri wake. Hata hivyo, lugha ya Kiswahili yenyewe haikubaliani na methali yake moja kwa moja. Mswahili hucheza bao, hucheza ngoma, hucheza mpira, na tamthilia aliiita mchezo wa kuigiza kabla wataalamu hawajaipa jina jingine. Kisomali nacho kina mwelekeo uo huo. Neno ciyaar hutaja mchezo wa watoto, mashindano ya wakubwa, na pia ngoma ya usiku pamoja na nyimbo zake. Lugha zote mbili zimekusanya chini ya neno moja mambo ambayo wahakiki wamezoea kuyatenganisha.

Makala haya yanachunguza nafasi ya mchezo wa watu wazima katika historia ya Garissa na sehemu nyingine za iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo sehemu yake baadaye ilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki na tangu 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Hoja inayotetewa ni kwamba mchezo katika jamii hii ulikuwa na dhima mahususi katika afya ya akili: uliitoa akili ya mtu mzima katika shida zake kwa muda maalumu, kisha ukairejesha. Sifa hizo mbili, kutoka na kurejea, ndizo zinazoutofautisha mchezo na mambo mengine yanayofanana nao. Hoja ya pili ni kwamba uhakiki wa fasihi umechangia kuificha dhima hiyo kwa kuzipa tanzu za mchezo hadhi ya chini kuliko tanzu zinazohesabiwa kuwa nzito.

2.0 Mchezo katika Nadharia

Mjadala wa kisasa kuhusu mchezo hauna budi kuanza na Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, aliyetoa kitabu chake Homo Ludens mwaka 1938. Kwa mujibu wa Huizinga, mchezo ni tendo la hiari, lililo nje ya maisha ya kawaida, lenye mipaka ya mahali na wakati, na linalotawaliwa na kanuni ambazo wachezaji wamezikubali. Yeye anauona mchezo kuwa chimbuko la utamaduni wenyewe: sheria, ushairi na hata vita vya kale vilikuwa na umbo la mchezo. Inafaa kukumbuka kwamba Huizinga hakuandika katika wakati wa raha. Mwaka 1942 Wajerumani walioikalia nchi yake walimtia kizuizini, na alifariki mwaka 1945 kabla ya vita kwisha.

Mchango wa pili unatokana na tiba ya akili. D. W. Winnicott, tabibu Mwingereza, alidai katika kitabu chake cha 1971, Playing and Reality, kwamba mchezo hutukia katika eneo lililo kati ya ulimwengu wa ndani wa mtu na ulimwengu wa nje unaomkabili. Mtu mzima hahami eneo hilo anapokua. Hulirudia katika sanaa, dini na mazungumzo. Jambo la maana zaidi kwa makala haya ni kauli yake kuhusu mgonjwa asiyeweza kucheza. Winnicott anaona kwamba kazi ya kwanza ya tabibu ni kumfikisha mgonjwa huyo mahali pa kuweza kucheza, kwani bila hilo tiba haina pa kuanzia. Kwa mtazamo huu, kushindwa kucheza ni dalili ya maradhi, wala si dalili ya ukomavu.

Nadharia zote mbili zilitungwa Ulaya na hazipaswi kuchukuliwa kana kwamba ni sheria za ulimwengu mzima. Thamani yake ni kwamba zinamwezesha mhakiki kuuliza swali sahihi: je, mchezo fulani una mipaka gani, na mchezaji anarudije kutoka humo?

3.0 Tanzu za Ciyaar

Andrzejewski na Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, waliuweka wazi mfumo wa tanzu ambao baadaye ulikuwa msingi wa uhakiki. Upande mmoja kuna tungo nzito kama vile gabay, jiifto na geeraar, ambazo mtunzi wake hujulikana kwa jina na ambazo hukaririwa neno kwa neno. Tungo hizi hupatanisha koo, huchochea vita, huomboleza na kushtaki. Upande wa pili kuna nyimbo za kazi na za ngoma, ambazo aghalabu hazina mwenyewe na hubadilika kila zinapoimbwa. Wasomali wenyewe hutofautisha maanso na hees kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Tanzu za upande wa pili ndizo zinazohusika hapa. Miongoni mwa Wasomali wa ukoo wa Ogaden, ambao ndio wengi katika Garissa, ngoma mashuhuri ni dhaanto. Wanaume na wanawake hupangana kwa safu, hupiga makofi na kukanyaga ardhi kwa mwendo unaosemwa kuwa unaiga hatua za ngamia. Kiongozi hutoa ubeti mfupi na waliobaki humwitikia. John W. Johnson, katika utafiti wake wa 1974, aliiweka dhaanto pamoja na wiglo na hirwo katika familia ya tungo fupi za wafugaji, na akaonyesha kwamba familia hiyo ndiyo iliyozaa balwo katika miaka ya 1940, na kisha heello.

Historia ya balwo inaangaza suala la afya ya akili kuliko maelezo yoyote ya kinadharia. Inasimuliwa kwamba mwasisi wake, Abdi Deeqsi aliyejulikana kwa jina la Abdi Sinimo, alikuwa akiendesha lori katika Somalia iliyokuwa chini ya Waingereza. Siku moja lori lilimharibikia jangwani, akashindwa kulitengeneza, na huzuni yake ikamtoka kwa ubeti mfupi. Jina la utanzu huo lina asili moja na neno la Kiswahili balaa. Hivyo mchezo uliopendwa na vijana wa mijini, wakauimba kwa ala na kuuchezea usiku kucha, ulijiita kwa jina la msiba. Viongozi wa dini waliupinga, na jina la heello likachukua nafasi ya lile la awali. Lakini jina la kwanza ndilo linaloeleza kazi yake. Aliyecheza balwo hakuwa ameusahau msiba; aliuchukua akaupa mizani, mwitiko na mwisho.

Mbali na ngoma kuna michezo ya fikra. Hal-xiraale ni kitendawili cha kishairi ambacho watu wazima hupimana nacho akili, hasa mwanamume na mwanamke wanapochumbiana. Shax nayo ni mchezo wa wanaume, unaochorwa mchangani chini ya mti. Miraba mitatu huchorwa, mmoja ndani ya mwingine, na mistari ikaunganisha katikati ya pande zake, hata zikapatikana nukta 24. Kila mchezaji ana kete 12, ambazo zaweza kuwa mawe, vijiti au mavi makavu ya ngamia. Katika hatua ya kwanza hakuna anayekula. Wachezaji huweka kete kwa zamu mpaka nukta zote zijae. Anayetangulia kupanga kete tatu katika mstari mmoja, yaani jare, hupata haki ya kuondoa kete ya mwenzake kwanza, na hapo ndipo mwendo unapoanza.

Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa makini. Ubao umejaa, hapana nafasi ya kusogea, na kila mchezaji hana budi kupoteza kete moja ili mchezo uendelee. Kwa mfugaji ambaye ukame unaweza kumnyang'anya mifugo yake katika msimu mmoja, huo ni mfano wa maisha uliopunguzwa ukubwa ukawa wa kushikika mkononi. Tofauti ni kwamba hapa hasara hukadiriwa, hutarajiwa, na hufutwa kwa kiganja cha mkono ili mchezo mwingine uanze.

4.0 Hali ya Hatari na Kuvunjika kwa Mipaka ya Mchezo

Mwaka 1962 tume iliyoteuliwa na serikali ya Uingereza ilikusanya maoni ya wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ikabaini kwamba walio wengi walipendelea kuungana na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Mnamo Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika vita hivyo wafugaji wengi walilazimishwa kuishi katika vijiji vyenye ulinzi, vilivyoitwa manyatta, na mifugo mingi ikapotea. Kanuni zilizotungwa ziliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani na zilidhibiti mienendo yao. Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1991, yaani miaka 24 baada ya vita vyenyewe kwisha.

Uhakiki wa fasihi umeyatazama matukio haya kupitia tungo nzito za siasa na maombolezo. Mtazamo huo ni wa haki, lakini haujitoshelezi. Ngoma ya usiku inahitaji mambo matatu: mahali palipo mbali kidogo na maboma, usiku ambao mtu anaweza kutembea bila hofu, na kundi la watu wa kambi mbalimbali waliokutana kwa sababu ya malisho au maji. Kila moja la mambo hayo lilikuwa shabaha ya kanuni za dharura, ingawa kanuni zenyewe hazikutaja mchezo. Mfugaji aliyefungiwa kijijini hakukutana na wa kambi nyingine. Aliyekutwa njiani usiku aliweza kudhaniwa kuwa adui. Kundi la vijana waliokusanyika lilizua shaka kabla halijaimba.

Isitoshe, mchezo wenyewe haukuwa umejitenga na siasa. Heello ilikuwa imejifunza kuficha siasa ndani ya lugha ya mapenzi, na redio ilizivusha nyimbo mipaka. Nyota ya pembe tano katika bendera ya Kisomali ya 1954 ilihesabu Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa pembe mojawapo, na mpenzi aliyeimbwa kuwa yu mbali aliweza kufasiriwa kuwa ardhi iliyotengwa. Kwa hiyo dola haikukosea kabisa iliposikia katika nyimbo jambo zaidi ya mapenzi. Kosa lilikuwa kutosikia lolote jingine. Wimbo uliobeba siasa ulibeba pia uchovu wa siku, mzaha juu ya mchumba, na furaha ya miguu kwenda pamoja.

Mauaji ya miaka ya 1980 yanaonyesha kuvunjika kwa mipaka hiyo kwa namna nzito zaidi. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliteketeza mtaa wa Bulla Karatasi, na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa katika viwanja vya shule ya msingi ya mji huo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Mnamo Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Idadi yao ilibishaniwa kwa miongo mingi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika matukio yote mawili katika ripoti yake ya 2013. Neno uwanja linarudi mara mbili katika historia hii. Kiwanja cha shule ni mahali ambapo jamii imekubaliana kwamba watu watakimbia bila kukimbizwa. Kinapogeuzwa kizuizi, kinachojeruhiwa si miili peke yake, bali pia lile eneo la kati alilolieleza Winnicott, ambamo mtu huweza kujiachia kwa sababu anaamini atarudi salama.

5.0 Mfano wa Mchezo na Mchezo Wenyewe

Iwapo mchezo hutambulikana kwa kutoka na kurejea, basi kigezo hicho kinaweza kutumika kupima mambo matatu ambayo hutajwa pamoja nao katika eneo hili: saar, baraza za miraa, na buufis.

Saar ni uganga wa mapepo ambao huwahusu wanawake zaidi, na unafanana na ngoma za pepo za pwani ya Waswahili. Pepo hudai nguo, manukato na ngoma, na mgonjwa hucheza mpaka atulie. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu dini za kupagawa, aliona saar kuwa njia ya mwanamke aliyenyimwa sauti kumdai mumewe bila kumkabili waziwazi. Ufafanuzi huo una nguvu, lakini unaigeuza ngoma kuwa hila tu. Yapo mengine: mwanamke mzima, mwenye watoto na mzigo wa nyumba, anapata saa ambazo ni halali kwake kupiga kelele, kuanguka na kushikwa na wenzake, kisha hurudi nyumbani kwa jina lake lile lile. Saar ina mahali, wakati, kanuni na mwisho. Kwa kigezo cha makala haya, imo ndani ya duara la mchezo, ijapokuwa wachezaji wake wasingeiita hivyo. Buraanbur, ushairi wa wanawake unaoghaniwa na kuchezwa harusini, humpa mwanamke nafasi inayokaribiana na hiyo bila ya kuhitaji maradhi.

Baraza ya miraa ina sura ya mchezo. Wanaume huketi pamoja, mazungumzo hushika kasi, mizaha na mashairi hutolewa. Lakini mpaka wake hauwekwi na wachezaji. Huwekwa na mmea, na kinachofuata ni kukosa usingizi na fedha za nyumba kupungua. Mwenye kucheza shax huondoka akiwa na kila alichokuja nacho. Hii haimaanishi kwamba baraza hazina faida ya ushirika. Inaonyesha kwamba mahali ambapo uwanja umefungwa, haja ya kucheza haifi bali hutafuta pa kukaa.

Mfano wa tatu ni wa majuzi zaidi. Tangu 1991, vita vya Somalia vilipowasukuma wakimbizi kuvuka mpaka, kambi za Dadaab katika Garissa zimekuwa makao ya watu wasioruhusiwa kutoka bila kibali. Humo ndimo Cindy Horst, katika utafiti wake wa 2006, alikolichunguza neno buufis, linalotumiwa na wakimbizi kutaja shauku kali ya kuhamishiwa ng'ambo, na pia maradhi ya akili yanayompata mtu shauku hiyo isipotimia. Buufis huanza kama mchezo wa mawazo: mtu yuko kambini, na akili yake inatembea Minneapolis au London. Tofauti yake na dhaanto ni kwamba akili hiyo hairejei. Haina saa ya kumaliza, haina mwenza wa kuitikia, haina kanuni inayosema sasa imetosha. Buufis ni kutoka kusiko na kurejea, na kwa hiyo yaweza kusomwa kuwa kinyume cha mchezo kwa maana kamili zaidi kuliko kazi.

6.0 Pingamizi la Kidini

Pingamizi linalosikika mara nyingi dhidi ya ciyaar ni kwamba humsahaulisha Mwislamu wajibu wake, na kwamba huchanganya wanaume na wanawake. Sehemu ya pili ya pingamizi hili ni suala la adabu, na jamii ina haki ya kulijadili. Sehemu ya kwanza ina majibu ndani ya mapokezi ya dini yenyewe. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume akamwezesha Bibi Aisha kuwatazama mpaka aliporidhika. Imepokewa pia kwamba sahaba Hanzala alijishuku unafiki kwa kuwa moyo wake ulibadilika alipotoka mbele ya Mtume akarudi kwa mke, watoto na mali yake, naye akajibiwa kwamba kuna saa kwa hili na saa kwa lile. Mafunzo hayo mawili hayaufanyi mchezo kuwa ibada. Yanaupa saa yake, na saa ni mpaka. Msimamo huo hauko mbali na hoja ya makala haya.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ciyaar katika Garissa na Kaskazini Mashariki ilikuwa njia ya watu wazima ya kuikabili dhiki kwa kuipa umbo na mwisho, na kwamba hali ya hatari iliyodumu hadi 1991 iliharibu mahali, wakati na ushirika ambao njia hiyo iliuhitaji. Imeonyeshwa pia kwamba uhakiki uliotukuza maanso na kuiacha hees umeacha pengo katika kumbukumbu. Tungo za maombolezo zinaeleza watu walivyoumia. Tungo za mchezo ndizo zingeeleza walivyoendelea kuwa na akili timamu baada ya kuumia, nazo, kwa kuwa hazina mwenyewe na hubadilika kila usiku, ndizo zinazopotea kwanza.

Suala hili si la kihistoria tu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka uliofuata kikawa chuo kikuu kamili. Taasisi iliyojengwa juu ya ardhi hiyo ina sababu ya kuuliza ni nini kinachomrejesha mtu katika maisha baada ya msiba. Ushauri nasaha na ushahidi mbele ya tume vina nafasi yake, lakini vyote viwili humtaka aliyeumia aseme kilichompata. Ciyaar haikumtaka aseme. Ilimpa ubeti wa kuitikia na safu ya kusimama, na mwenzake mkono wa kulia na wa kushoto.

Kwa wahakiki, kazi iliyo mbele ni kuzikusanya tanzu hizo fupi pamoja na hali za uchezaji wake: nani alisimama wapi, nani aliitikia, ngoma ilivunjika saa ngapi. Maneno peke yake hayatatosha. Wazee walioicheza dhaanto kabla ya 1963 wamebaki wachache, na kila mmoja anapoondoka, miraba mitatu hufutika mchangani bila ya kuwapo wa kuichora upya.